Wanaojua na Wasiojua

Watu wanadhani kuishi na virusi ni kumeza dawa. Kumeza dawa ni kazi ndogo tu. Simu inalia, unachota maji, unameza, unarudi kwenye shughuli zako. Kazi yenyewe ni kukumbuka nani anajua na nani hajui.

Hiyo kazi nimeifanya zaidi ya miaka ishirini hapa Mwanza, na nasema bila kuona haya kwamba niliifanya vizuri. Mdogo wangu wa kike alijua. Kaka yangu hakujua, na mke wake ndiyo kabisa, maana mdomo wake hauna breki. Mchungaji wa zamani alijua, huyu wa sasa hajui. Nikikutana na mtu njiani, kabla hata sijaitika salamu, kichwa kilikuwa kimeshamweka upande wake. Asiyejua nilimwambia naenda mjini kununua uzi. Anayejua nilimwambia naenda kliniki. Na tukikaa msibani wamechanganyika wote, niliongea na kila mmoja kwa namna yake, huku namenya viazi na wala sioni kama ni kazi.

Halafu siri zenyewe zilikuwa mbili, yangu na ya binti yangu. Nilimzaa kabla sijapima. Baba yake alikuwa ameshaanza kukonda, tukasema ni vidonda vya tumbo, tukasema ni kurogwa, tulisema kila kitu isipokuwa chenyewe. Tulipokuja kujua, mtoto alikuwa ameshanyonya mpaka ameanza kutembea. Baba yake akafa, sisi wawili tukabaki na dawa zetu.

Yangu ningeweza kuimwaga nikitaka, ni mzigo wangu mwenyewe. Ya mtoto si yangu. Nilimwambia alipokuwa anakaribia kuvunja ungo, tukiwa tumekaa nyuma ya nyumba Mkolani tunachambua mchele. Hakulia. Aliendelea kuchambua kwa muda, halafu akasema, "Mama, usimwambie mtu. Nikitaka nitasema mwenyewe." Nikamwahidi. Sijawahi kuahidi kitu kwa moyo wote namna ile, hata siku niliyofunga ndoa.

Sasa, mimi ni fundi cherehani. Kibaraza changu kiko Mirongo, na wateja wangu ni kina mama wa kwaya, kina mama wa vikoba, na mabibi harusi na wapambe wao. Sikuwa fundi wa kubahatisha. Mteja nikimpima mara moja, mwakani akileta kitambaa namwambia tu, mama, mbona umeongezeka kiunoni, na ni kweli ameongezeka. Kwa hiyo siku nilipokaa kuunga mikono ya gauni la satini nikakuta yote miwili ni ya kushoto, nilicheka. Satini ina uso na mgongo, usipogeuza kitambaa wakati wa kukata unapata mikono ya upande mmoja. Ni kosa la mwanafunzi. Nilinunua kitambaa kingine, nikakata upya, mteja hakujua.

Baadaye nilirudia tena, na safari hiyo sikucheka. Kisha ikawa maneno. Nimeshika mkasi mkononi, nataka kumwambia mteja ngoja niuweke mkasi, na jina la mkasi halipo. Nasema ngoja niweke hiki, hiki cha nini, hiki cha kukatia. Mteja anadhani namtania. Ikawa naanza sentensi sijui inaenda wapi, na mtu akinikumbusha namjia juu. Nimekuwa mkali tangu utoto, sikatai, lakini ukali wangu ulikuwa na sababu. Huu mpya ulikuwa unanitangulia, naukuta umeshafika.

Binti yangu ndiye aliyenipeleka kliniki siku isiyo ya zamu yangu. Daktari alikuwa kijana mdogo, akanipa shikamoo vizuri, akanitajia maneno machache akasema niyashike, tutayarudia. Akanichorisha saa, akaniuliza habari za nyumbani, akanihesabisha kurudi nyuma. Halafu akasema, haya mama, nitajie yale maneno. Nilikumbuka kiti, kwa sababu nilikuwa nimekikalia.

Nikamwambia, "Damu yangu mnasema haionyeshi virusi. Kila mwaka mnanisifia. Sasa hiki ni nini?"

Alinieleza taratibu, na hili nalikumbuka vizuri kuliko mengi. Alisema dawa inavifubaza virusi kwenye damu, lakini mimi nilikaa muda mrefu bila dawa, nikaugua sana, na miaka ile huenda viliingia kwenye ubongo vikaharibu vitu polepole. Vingine vinabaki vimejificha humo, dawa haivifikii sawasawa. Presha nayo inaongeza, na umri, na mawazo. Alisema si kila mtu hupatwa na hali hii, na anayepatwa si lazima imzidie. Inaweza kusimama hapo hapo kwa miaka. Nikamuuliza, na isiposimama je? Akasema tutaangalia pamoja. Sikupenda jibu lile. Mtu akikwambia tutaangalia, ujue kuna kitu anakiona na wewe bado hujakiona.

Kwenye korido binti yangu alinishika mkono, na nilijua anawaza kitu kilekile ninachowaza. Yeye anameza dawa tangu hajaota meno ya pili. Tangu siku ile nikawa namvizia. Akiunguza maharage nashtuka. Akirudi ndani kwa sababu amesahau ufunguo, nahesabu ni mara ya ngapi. Najua kila mtu anasahau ufunguo. Mimi pia ndivyo nilivyojiambia mwanzoni.

Katikati ya hayo akapata mchumba. Kijana wa Nansio, kule kisiwani ng'ambo ya ziwa, anafanya kazi mjini hapa, mpole, anaongea kidogo. Binti yangu alimwambia ukweli mapema kabisa, kabla hata hajamleta nyumbani kwangu, na kijana hakukimbia. Walienda kliniki pamoja, akapimwa, yuko salama, akaelezwa kwamba mwenzake akishika dawa na virusi vikafubaa hatamwambukiza, na watoto watazaliwa wazima. Niliposikia hayo nilikaa chini nikalia. Nilikuwa nimeshajiandaa kumzeesha binti yangu nyumbani.

Ila kwao Nansio hawakujua, na binti yangu hakutaka wajue. Mama wa kijana alikuwa amemzika mdogo wake kwa ugonjwa huu miaka ile mibaya, na alishasema mbele ya watoto wake kwamba nyumbani kwake halitaingia tena jambo hilo. Kijana alimwomba binti yangu wafunge ndoa kwanza, wakae, mama amzoee mkwe wake kama mtu, halafu watasema wenyewe wakiwa wawili. Binti yangu akanieleza yote. Akanitazama, akasema, "Mama, wewe sasa."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Wiki chache nyuma nilikuwa nimemwambia mteja mmoja, mama wa kwaya ninayemshonea tangu binti yake anatambaa, kwamba asije siku fulani kwa sababu naenda kuchukua dawa zangu za virusi. Nilimwambia kama unavyomwambia mtu kesho ni Jumapili. Kichwani nilikuwa nimemweka kwa wanaojua, na hakuwa huko. Alikunja kitambaa chake ambacho sijakigusa, akasema atapita siku nyingine. Hakupita. Hiyo ilikuwa yangu, nikaimeza. Lakini siku ile ndipo nilipoelewa hasa kinachoweza kutokea. Ule ukuta kati ya wanaojua na wasiojua ulikuwa unabomoka, na mimi nimesimama upande mmoja sisikii hata kishindo.

Wanawake wa Nansio walipovuka kuja kujitambulisha kwangu, tulijipanga. Mdogo wangu alikaa ubavuni mwangu tangu asubuhi, kazi yake ilikuwa moja tu. Nikianza kuteleza, anibane paja. Tulikubaliana hivyo kwa vicheko, tukaijaribu hata jikoni, ananibana napiga kelele, binti yangu anacheka machozi yanamtoka. Wageni walipoingia hakuna aliyecheka tena. Mama wa kijana alikuwa mwanamke mrefu, wa kusema kwa kituo, amekuja na samaki wakavu waliofungwa vizuri kabisa. Tuliitana mkwe mwenzangu. Nilimpenda, na hilo ndilo lililokuwa baya, maana mtu unayempenda unamfungulia moyo bila kujua.

Tukiwa tunasonga ugali nje, akasema, "Mkwe mwenzangu, binti yetu mwembamba. Anakula?"

"Anakula sana," nikamwambia. "Ni mwili wake tu, tangu mdogo. Alipokuwa mdogo ndiyo alikuwa hivi, mpaka daktari akasema huyu tumwanzishie—"

Mdogo wangu alinibana hadi nikaacha mwiko. Mama wa kijana aliuangalia mkono wa mdogo wangu ukitoka kwenye paja langu, akautazama uso wangu, halafu akauliza, tumwanzishie nini. "Uji wa lishe," mdogo wangu akasema haraka. Yule mama akasema aa. Hakuuliza tena siku nzima, na kila nilipogeuka nilimkuta ananiangalia.

Jioni walipoondoka, binti yangu alikaa mlangoni hajanivulia hata viatu kama anavyopenda kufanya nikichoka. Nilijua kilichokuwa kooni kwake na nilijua hawezi kukisema, nimemlea mwenyewe. Baba wa kijana hakuweza kusafiri, kwa hiyo ndoa na sherehe yote ilikuwa ifanyike Nansio. Siku nzima na watu wale, meza kuu, picha, nyimbo, kila mwanamke akitaka kukaa na mama wa bibi harusi. Na mdogo wangu hawezi kunibana paja mbele ya kamera.

Nikasema mimi, ili asilazimike kusema yeye. "Sitakwenda."

"Mama."

"Sitakwenda, na tutasema ni mila. Kwa kina bibi yangu mama hamsindikizi binti kwa waume. Anabaki nyumbani, shangazi na mama wadogo ndio wanaokwenda."

"Ni kweli?"

Nilifikiri. Nilisikia hivyo kwa bibi, au nilikuwa nimeitunga pale pale, na mpaka leo sina hakika. "Ni kweli," nikasema. Akalaza kichwa kwenye magoti yangu, mtu mzima yule, akalia mpaka kanga ikalowa. Nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirika tangu mume wangu azikwe. Sikumkasirikia yeye. Nilikuwa nimeuguza, nimezika, nimemeza vidonge vinavyochukiza vile vya zamani, nimemkuza mtoto akiwa hai, ili nifike siku hii, na sasa kichwa changu mwenyewe kinanifungia mlango.

Gauni lake nililishona mimi. Nilikata mikono mara moja, ikatoka sawa.

Siku ya harusi waliondoka mapema kupanda meli, na wanakwaya wa kanisa letu wakavuka nao kwenda kuimba, kwa sababu binti yangu aliimba nao miaka mingi. Nilibaki na jirani yangu wa ukuta mmoja. Ni mwanamke mwema sana, mtu wa sala, anaongoza maombi ya kina mama. Hakuvuka kwa sababu anaogopa maji. Nilikuwa nimejiambia kwamba siku hiyo nitashinda ndani, nitafagia, nitasikiliza redio. Nakumbuka nilifagia. Nakumbuka jirani alipita asubuhi kunijulia hali, tukakaa kibarazani, akanishika mabega kwa sababu nilikuwa nalia. Tuliongea, lakini tuliongea nini sikumbuki, nakumbuka mikono yake tu.

Mchana akarudi na chakula, wali na samaki, amefunika vizuri. Tukala. Nilijisikia mwepesi. Nilimwambia sasa hivi watakuwa wametoka kanisani, watakuwa ukumbini, na nikaanza kumweleza ile mila ya kwetu, jinsi mama asivyomsindikiza binti.

Akaacha kula. Akanitazama kwa huruma ambayo haikunipendeza. "Dada," akasema, "asubuhi hukuniambia hivyo."

"Nilikuambiaje?"

Alisogea karibu ingawa tulikuwa wawili tu. "Uliniambia unaogopa kwenda usije ukaitoa siri ya mtoto kwa wakwe. Ukanieleza na siri yenyewe. Kwamba alizaliwa nayo, na anatumia dawa. Usihuzunike, dada. Mimi si mtu wa maneno, unanijua."

Niliangalia sahani. Miiba ya samaki nilikuwa nimeipanga pembeni, sijui niliipanga saa ngapi. Nilijaribu kuitafuta ile asubuhi kichwani nikakuta ufagio na mikono yake mabegani, basi.

"Umemwambia nani?"

"Mimi? Sijamwambia mtu." Alionekana kuumia kwamba nimemdhania hivyo. "Nimewaomba tu kina mama wamwombee. Nilituma sauti kwenye kundi letu la maombi, kwenye simu. Jina sikutaja kabisa, dada. Nilisema tu tumwombee bibi harusi wa leo, Mungu amlinde na hivyo virusi, na wakwe wampokee."

"Kundi lenye wanakwaya?"

"Wote wamo," akasema, na bado hakuwa ameelewa.

Nilinyanyuka, nikatafuta simu kila mahali, ilikuwa mfukoni mwangu. Nilimpigia binti yangu haikupokelewa, bibi harusi hashiki simu. Nikampigia mdogo wangu. Alipokea upesi, na nyuma yake nilisikia tarumbeta na watu wakishangilia.

"Dada, umemwambia nani?" Hakuanza na salamu. "Kuna mtu kafungulia sauti hapa mezani, ya jirani yako. Imesikika meza nzima. Mkwe mwenzako amesimama, ametoka nje na wifi zake. Wanaongea huko nje."

"Mwanangu yuko wapi?"

"Yuko mbele na mumewe. Hajajua. Wanalishana keki." Sauti yake ikakatika, ikarudi. "Dada, anacheka."

Nilimsikia. Katikati ya kelele zile zote nilimsikia mwanangu akicheka, nikamtambua, hilo bado sijalipoteza. Jirani alikuwa amesimama nyuma yangu ananiuliza kuna nini, dada, kuna nini. Mdogo wangu akasema atakwenda nje kuwasihi wale wanawake, niache ashughulike.

Nikamwambia hapana. Nikamwambia ampelekee simu mwanangu, nimwambie mimi, sasa hivi, kabla hawajarudi ndani na kabla sijasahau.